Mkanda wa Mguu wa Kushoto

Klabu ya wanawake ilikuwa na makipa wawili na seti moja ya vifaa vya kipa. Hesabu hiyo haikumnyima mtu usingizi, maana katika mpira wa magongo anayekaa golini ni mmoja tu. Mwingine kazi yake ni kukalia benchi, kushika chupa za maji na kupiga makofi kwa moyo mweupe, kama anao.

Seti yenyewe iliishi ndani ya begi kubwa la turubai: pedi mbili za miguu zilizonenepa kama godoro la mtoto, viatu vya sponji vinavyovaliwa juu ya viatu vya kawaida, kinga ya kifua, glavu, na helmeti yenye wavu usoni. Begi hilo lilinuka. Anayekuambia kwamba jasho la mwanamichezo ni manukato hajawahi kupanda lifti na begi la kipa. Wale wawili walilichukua kwa zamu, wiki kwa wiki, na walikuwa na kanuni moja isiyoandikwa popote: aliyelala na begi ndiye anayeosha, anayeanika, anayekagua na anayetengeneza kilichoharibika. Siku ya mechi yeye ndiye anayemvisha mwenzake. Kipa akishavaa kinga ya kifua hawezi kuinama vizuri kufunga mikanda ya miguuni, kwa hiyo husimama wima kama mtoto wa chekechea anayevishwa sare, na mwenzake hupiga magoti na kumfunga. Anayevishwa haulizi kama mkanda uko sawa. Kuuliza ni kumwambia mwenzako kwamba humwamini, na mkishafika hapo afadhali mmoja wenu akacheze karata.

Mmoja walimwita Njiti, kwa urefu na wembamba wake, na kwa jinsi helmeti ilivyomkaa kichwani kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Alifanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya asubuhi, na alikuwa na mtoto mmoja wa kiume na mdomo usiojua likizo. Mwingine walimwita Komeo. Hadithi hii ni ya Komeo, na niseme mapema kabisa kwamba simtetei.

Komeo alipiga pasi. Si mashati ya watu; mashuka ya hospitali. Saa nane kwa siku alisimama mbele ya mashine yenye roli mbili za moto, analisha shuka huku, linatokea kule limenyooka, analikunja, analisha jingine. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimeacha kuhisi joto siku nyingi. Saa kumi na moja jioni alikuwa kwenye kiwanja cha udongo na kokoto, akipigwa mipira. Na mpira huu, kwa asiyeujua, si wa kubembelezana nao. Ni mgumu kama jiwe. Ukikukosa unausikia masikioni, ukikupata unausikia kwingine. Wachezaji walipanga mipira kumi na tano kwenye mstari wa duara lililochorwa mbele ya goli, wakaipiga mmoja mmoja, na Komeo akaizuia kwa mguu, kwa glavu, kwa kifua, bila kutoa hata mguno.

"Kipa ni koki," Kocha alipenda kusema. Kocha alikuwa fundi bomba, na kila kitu duniani alikiona kwa macho ya bomba. "Koki haifurahi wala haikasiriki. Inafunga maji, basi. Mwangalieni Komeo. Wewe Njiti ni koki inayoongea."

"Sasa Kocha, koki isiyoongea utajuaje kama inavuja?"

Watu walicheka. Komeo alisikia kichekesho, akakielewa, akarudi kusimama kati ya milingoti.

Hakuwa hivyo zamani. Mwaka juzi alikwenda kwenye mchujo wa timu ya taifa, akakatwa, akalia siku tatu, akapona kama watu wengine wanavyopona. Mwaka jana alikwenda tena. Mteuzi alisimama na karatasi, akasoma majina, na jina la Komeo likasomwa. Alisimama. Wenzake walipiga vigelegele, Njiti alimrukia shingoni wakataka kuanguka wote wawili. Kisha mteuzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Samahani, hapo nimeruka mstari." Komeo akakaa chini. Hakulia siku hiyo, wala kesho yake, wala mpaka leo. Kitu ndani yake kilizimika, na yeye mwenyewe hakujua swichi iko wapi. Chakula kikawa cha kujaza tumbo. Siku zikawa mashuka, moja linaingia, jingine linatoka. Shangazi yake, fundi cherehani aliyekuwa akiishi naye, alimuuliza mara moja, "Mwanangu, unaumwa?" Akajibu, "Siumwi popote, shangazi," na ilikuwa kweli tupu.

Kitu kimoja tu alikuwa bado anakitaka, na hata hicho alikitaka kama mtu anayekumbuka kwamba aliwahi kukitaka. Ni ile nafasi. Mwaka huu timu ya taifa ilikuwa imebakiza nafasi moja ya kipa, na waliobaki kuigombea walikuwa ni yeye na Njiti. Kocha hakuwaficha. Mwakani wateuzi watatafuta wasichana wa chini ya miaka ishirini. Komeo alikuwa na ishirini na nne, Njiti ishirini na saba. Jumamosi atachukuliwa mmoja. Mwingine atabaki klabuni mpaka magoti yamwambie imetosha.

Wiki hiyo begi lilikuwa kwa Komeo.

Jumanne jioni, mazoezini, alinyoosha mguu wa kushoto kufuata mpira, akasikia kitu kimekatika. Alipotazama, mkanda wa kati wa pedi ulikuwa umefunguka na pedi imezunguka, imegeukia ubavuni. Pedi ikikaa hivyo ni mapambo. Mpira unagonga ukingo wake na kuingia golini kama mgeni aliyekaribishwa. Mkanda ule ulifungwa kwa klipu ya plastiki yenye meno mawili, na jino moja lilikuwa limekwenda. Lililobaki lilishika ukisimama. Lilishika hata ukitembea. Ukijirusha kwa nguvu, liliachia. Komeo aliufunga tena, akamaliza mazoezi kwa uangalifu, hakumwambia mtu. Hapakuwa na cha kusema. Begi lake, kazi yake.

Jumatano shangazi alikata kipande cha mkanda mgumu wa begi, akakishonea klipu mpya iliyotoka kwenye mkoba wa mteja fulani asiyerudi kuuchukua. Uzi mweusi ulikuwa umekwisha, akatumia wa kijani.

"Upitishe sasa hivi," shangazi alisema, akikata uzi kwa meno. "Unatoa wa zamani, unapitisha huu kwenye vitanzi vitatu. Kazi ya dakika tano."

"Kesho, shangazi."

"Kesho yako naijua mimi. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Komeo aliutia mkanda kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Siku hiyo ilikuwa ni uchovu tu, hilo nampa. Alhamisi hospitali ilileta mashuka ya wodi mbili kwa pamoja, akarudi nyumbani miguu haimbebi, akalala na nguo zake. Hilo nalo nampa.

Ijumaa Kocha aliwaita pembeni. Alishika spana mkononi kana kwamba katikati ya maneno angefungua mtu. "Mechi ya mchujo ina vipindi viwili. Njiti, kipindi cha kwanza. Komeo, cha pili. Mtabadilishana vifaa wakati wa mapumziko. Msiniaibishe."

Jioni hiyo Komeo alikaa kitandani, akafungua mfuko wa pembeni, akautoa mkanda wenye uzi wa kijani. Aliutazama. Pedi ya kushoto ilikuwa imeegemea ukuta, umbali wa mkono. Nje ya mlango cherehani ya shangazi ilikuwa inakimbia, inasimama, inakimbia. Kisha akaurudisha mkanda mfukoni na kuvuta zipu. Ungemuuliza anawaza nini angekuambia hawazi kitu, na asingekudanganya. Hakumchukia Njiti. Hakupanga. Alijua tu kwamba mapumziko yatakuwa ya dakika kumi, na kwamba kupitisha mkanda ni dakika tano. Watu wanadhani ubaya huja umekunja ndita. Mwingine huja umechoka, unakaa kitandani, unavuta zipu.

Jumamosi saa nne asubuhi walikuwa kwenye uwanja mkubwa. Huko hakuna kokoto. Ni nyasi bandia, na kabla ya mechi wanazimwagia maji ili mpira uteleze. Kwenye udongo mpira unaruka na kupunguza mwendo. Kwenye nyasi zile unakuja chini, umenyooka, umewahi. Kipa inabidi ajirushe mapema na kwa nguvu zaidi. Komeo aliyajua hayo kwa kuwa alishacheza pale mara mbili.

Wateuzi watatu walikaa kivulini na daftari zao. Yule wa mwaka jana alikuwepo, na miwani ile ile.

Njiti alisimama na kinga ya kifua, mikono pembeni. Komeo akapiga magoti. Alianza mguu wa kulia: mkanda wa chini, wa kati, wa juu. Klipu nzima hulia mara mbili, jino na jino. Juu yake Njiti alikuwa anaongea.

"Mwanangu asubuhi kaniambia nisiporudi na jezi nisirudi. Umemsikia huyo? Namnunulia viatu mwenyewe, ananifukuza nyumbani mwenyewe."

Komeo akahamia mguu wa kushoto. Mkanda wa chini. Wa kati. Klipu ililia mara moja. Mikono yake ilitulia hapo kidogo. Begi lilikuwa karibu na goti lake, na mfuko wa pembeni umeelekea kwake. Njiti hakutazama chini. Kwa nini atazame? Alikuwa anatazama uwanja na kuchezesha vidole ndani ya glavu.

"Tayari?" Njiti akauliza.

Komeo akafunga mkanda wa juu. "Tayari," akasema.

Dakika ya sita mshambuliaji aliingia kwenye duara na kupiga chini, kushoto. Njiti aliuona mapema, akanyoosha mguu mzuri sana, mguu wa kufundishia watoto. Mpira ukakuta ukingo wa pedi, ukateleza, ukaingia. Njiti alitazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akavua glavu, akafunga klipu, akavaa glavu. Mwamuzi akapuliza filimbi mchezo uendelee.

Baada ya hapo alizuia mipira mitano, yote kwa mguu wa kulia au gongo, na kila baada ya kujirusha aliinama kwa taabu kuigeuza pedi. Washambuliaji si wajinga. Waliona kuna mlango uliobaki wazi, wakawa wanapiga huko huko. Dakika ya ishirini likaingia la pili, kwa njia ile ile. Kutoka benchi Komeo aliona mteuzi mmoja anaandika kitu, anamwonyesha jirani yake, na jirani anatikisa kichwa. Alisubiri kuhisi furaha au aibu. Hakuna iliyokuja. Alihisi benchi lina unyevu.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, Njiti alikuja akikimbia, hakutembea, ili wasipoteze muda. Alikuwa ameshaanza kuvua njiani.

"Vaa haraka, vaa. Sikiliza, klipu ya kati mguu wa kushoto imekufa. Jino limekatika leo leo, sijui lini, labda nilipokuwa napasha misuli. Bahati mbaya tu."

"Njiti..."

"Usiongee, nyoosha mguu."

Mkono wa Komeo ulikuwa umeshaanza kuelekea kwenye mfuko wa pembeni. Lakini Njiti alikuwa amepiga magoti mbele yake, na kabla zipu haijaguswa akawa amevua kiatu chake cha kushoto na kuchomoa kamba yote, kwa papara, tundu baada ya tundu. Akaipitisha kwenye vitanzi nyuma ya muundi wa Komeo, akazungusha mara mbili, akavuta mpaka Komeo akayumba.

"Inakubana?"

"Hapana."

"Ikibana vumilia. Mimi wamenipata, wewe hawakupati." Akafunga fundo, akafunga jingine juu yake, akalipiga kwa kiganja. "Hiyo haitoki hata kwa shoka. Nenda."

Komeo akaenda.

Kipindi cha pili wapinzani walipata kona fupi nne. Kona fupi ni kama kupigwa risasi kwa foleni: mpira unatolewa mstarini, unasimamishwa kwenye ukingo wa duara, unapigwa, na wewe umesimama. Alizuia zote nne. Mmoja ulimpiga kwenye muundi wa kushoto, juu kidogo ya kiatu cha sponji, mahali ambapo kinga ni nyembamba, na benchi zima likasema "Aah!" kwa niaba yake. Yeye aliusukuma nje na kusimama. Pedi haikusogea hata kidogo. Mechi iliisha hajafungwa.

Majina yalisomwa saa saba, wachezaji wamekaa chini kwenye zege nyuma ya goli. Mteuzi mwenye miwani alisoma taratibu. Aliposoma jina la Komeo, Komeo hakusimama. Alimtazama mteuzi, akasubiri arudie mstari. Wengine waligeuka kumtazama. Ikabidi mteuzi alisome tena, kwa sauti, na kuongeza, "Ndiyo, wewe. Tumempenda huyu kwa utulivu wake. Amepigwa mpira wa kumvunja mtu mguu, hakukunja hata uso. Kipa anatakiwa awe hivyo."

"Koki!" Kocha akapaza sauti kutoka nyuma, machozi yanamtoka, mtu mzima yule. "Nilisema mimi! Koki!"

Njiti ndiye aliyefika wa kwanza. Alimkumbatia kwa nguvu ile ile ya mwaka jana, na safari hii hakuna aliyeomba samahani. Alinuka vifaa, kama wote wawili walivyonuka siku zote.

"Umeiona? Umeiona hiyo?" alikuwa anasema begani mwake. "Nitamwambia mtoto jezi ipo. Imekwenda kwa mama mdogo wake. Wewe ndiye utakayemtuliza, mimi siwezi."

Watu walipotawanyika wakabaki wawili na begi. Njiti alivaa viatu vyake. Cha kushoto hakikuwa na kamba, ulimi wake umelala nje, na kila alipopiga hatua kisigino kilitoka.

"Ngoja nikufungulie kamba yako," Komeo akasema, akiinamia pedi ya kushoto ambayo alikuwa hajaivua.

"Iache hapo hapo. Utaihitaji kambini mpaka mpate klipu nyingine. Mimi nyumbani si mbali." Alicheka. "Ila kama una kipande chochote cha kufungia nipe, nisije nikaacha kiatu barabarani."

Komeo alifungua mfuko wa pembeni. Angeweza kusema hana. Alikuwa ameshasema "tayari" asubuhi, na anayeweza kusema lile anaweza kusema na hili. Mimi sijui kwa nini hakusema, na nadhani hata yeye hajui mpaka leo. Aliutoa mkanda, akampa.

Njiti aliupokea huku bado anatabasamu. Alikuwa amelala na begi lile nusu ya wiki zote za miaka minne. Vitanzi vya pedi zile alivijua kuliko vitanzi vya suruali yake. Aliupima mkanda kwa kiganja. Akageuza, akatazama mshono wa kijani. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa usoni kidogo, limekosa wa kulitoa.

"Huu umeshonwa lini?"

"Jumatano."

Njiti akaifunga klipu. Ililia mara mbili, jino na jino. Akaifungua, akaifunga tena.

"Shangazi yako ana mkono mzuri," akasema.

Akauweka mkanda juu ya begi, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. Kisha akachukua mkoba wake, akaondoka kupitia lango la nyuma. Kile kiatu cha kushoto kilipiga zege kila hatua, pa, pa, pa, na kilisikika muda mrefu baada ya yeye kukata kona.

Muundi ndio ulioanza. Pale mpira ulipompiga, pale ambapo hakuhisi kitu, palianza kuwaka moto, ukapanda gotini, ukapanda mpaka kooni, na ulipofika kooni haukuwa tena moto wa mguu. Ulimuuma. Kila kitu kilimuuma: mwaka jana, karatasi ya mteuzi, mtoto wa Njiti anayesubiri mlangoni. Kama ganzi ingekuwa inauzwa dukani angetoa nafasi ile yote ili arudishiwe.

Alikaa kwenye zege akiwa bado na pedi ya kushoto mguuni, akainama alifungue lile fundo ili amkimbilie Njiti na kamba yake. Alijaribu kwa vidole, akajaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno. Halikulegea. Lilikuwa limefungwa na mtu aliyetaka lishike.